Nimelipiga Msasa Gitaa la Mjomba

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana mke wangu nilipompa aisome aliishia katikati, akacheka, kisha akanuna, na tangu siku hiyo ananijibu kwa neno moja moja.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke na mabinti wawili, na kazi yangu ni kusaga lenzi katika duka la miwani, yaani daktari akishampima mteja macho karatasi inaletwa kwangu chumba cha nyuma, na mimi nasaga kioo mpaka kikae sawa na namba zilizoandikwa, na katika kazi hiyo ukizidisha hata unene wa unywele mteja anarudi kesho ameshika kichwa, kwa hiyo nimezoea kwamba kitu kikipinda kinyooshwe na kikibonyea kisawazishwe, ndivyo nilivyo, na naomba ulikumbuke hilo utakaponihukumu.

Nje ya kazi sinywi, sivuti, sina mwanamke wa pembeni, nina magitaa ya besi sita. Nasema yale ya umeme yenye nyuzi nene yanayonguruma chini ya muziki. La kwanza nililinunua likiwa zima kabisa, nikabadilisha vinasa sauti, vile vipande vya sumaku vinavyokaa chini ya nyuzi, halafu nikabadilisha vikazio vya nyuzi, halafu vitufe vya sauti, la pili nikalinunua kwa sababu la kwanza lilikuwa limefunguliwa, la tatu nililipendea shingo nikaing'oa nikaipeleka kwa la pili, la nne sasa lina kiwiliwili cha la tatu na shingo ya la kwanza, la tano lina nyuzi tano na la sita lina nyuzi sita, na nina amplifaya mbili, moja kubwa kama friji ambayo ilikataa kupita mlango wa chumba cha wageni ikabaki kwenye ujia, tunapita kwa ubavu, tumezoea. Nina pedali kumi na moja, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti, nimezipanga kwenye ubao. Chumba chenyewe cha wageni mke wangu anakiita wodi ya majeruhi. Kila nikimaliza kufunga kitu kipya nachomeka kebo, nagusa uzi mmoja, duum, nasikiliza, naona bado kuna kitu hakijakaa sawa, nafungua tena.

Sasa kilichonileta kwako ni gitaa la saba, ambalo si langu. Ni la mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha nguo na ndiye aliyepiga besi katika bendi ya kiwanda miaka thelathini na moja, na ndiye aliyetushika mkono mimi na mama siku baba alipofariki, ada yangu ya chuo cha miwani aliilipa yeye. Miaka michache iliyopita alipata presha ya macho. Miwani yake nilimsagia mimi mwenyewe, mitatu, kila mmoja mnene kuliko uliotangulia, na wa nne haukuhitajika tena. Alipohamia kwa binti yake, ghorofa ya pili, chumba kimoja, aliniita akanipa gitaa kwenye sanduku lake, akasema, "Mpwa wangu, hamu imeondoka na macho. Litunze, lipige, na siku nikilitaka uniletee." Nikalia njia nzima nikiwa nimelikumbatia, sikufichi.

Nikalitunza. Miaka mitatu lilikaa chini ya kitanda. Mwaka huu nikasema nilisafishe, mshauri, kusafisha tu, naapa. Nikafungua sanduku nikakuta nyuzi zimekuwa nyeusi, hazijabadilishwa tangu sijui lini, zinatoa sauti ya kugonga godoro, na sisi wenye besi tuna dawa ya nyuzi zilizochoka, tunazichemsha, kwa hiyo nikazivua nikazitia kwenye sufuria na maji na siki kidogo zikachemka dakika kumi, na bahati mbaya mke wangu akarudi kazini ana njaa, akafunua mfuniko, akauliza, "Leo tunakula umeme?" Nyuzi zikatoka zinang'aa. Lakini moja ikakatika nilipoikaza, basi nikazitupa zote nikafunga mpya. Zilivyokuwa mpya zikaonyesha kwamba kinasa sauti ni dhaifu, nikaamua kuongeza cha pili, na ili kikae nikachimba tundu kwenye mbao kwa patasi, tundu safi sana. Halafu kwenye kundi letu la simu la wapenzi wa besi, tuko mia mbili na kitu, kiongozi wetu tunayemwita Daktari Kebo akasema besi ya mwanamume haina freti, vile vyuma vyembamba vilivyolala shingoni kama ngazi, ndivyo vinavyoua sauti, na watu wakaunga mkono kwa vidole gumba vingi, nikachukua koleo nikazing'oa, moja moja, zote ishirini, mifereji nikaiziba kwa gundi na unga wa mbao. Mwisho nikageuza shingo, nikaona nyuma yake kuna mahali pamebonyea, kishimo kama cha kijiko, na pameingia weusi. Niliona ni kasoro. Nikaisawazisha. Nilianza na msasa mkali nikamalizia na ule laini wa kazini, nikapaka vanishi, ikatoka inateleza kama kioo, nikapiga picha nikatuma kundini, wakanipongeza.

Wiki iliyopita simu ikalia, mjomba. Sauti imechangamka sijawahi kuisikia hivyo tangu macho yaondoke. Akasema wenzake wa bendi waliobaki, wanne na yeye wa tano, wanakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi katika ukumbi wa zamani wa kiwanda, yule mwimbaji wao waliyemwita Kengele ametoka hospitali na amesema wapige mara moja tu kabla miguu haijakataa kupanda jukwaa. "Niletee langu," akasema. "Nilifikiri bila macho siwezi, lakini nimewaza. Lile halitaki macho. Pale nyuma ya shingo kuna kishimo cha dole gumba langu, nikiliweka pale najua niko wapi, na freti nazihesabu kwa vidole. Kishimo bado kipo, eh?"

Nikasema, "Kipo, mjomba."

Daktari Kebo amenisaidia kupata gitaa jingine la kampuni ileile, rangi ileile, karibu umri uleule, na sasa kila nikitoka kazini nalichonga kishimo nyuma ya shingo kwa vifaa vyangu vya lenzi, nakadiria kwa kukumbuka, na si kujisifu lakini kimefika mahali pazuri. Nimetafuta hata nyuzi zilizochakaa. Kebo anasema mzee haoni, hatajua. Mke wangu anasema, "Huyo mzee macho yamekwisha, vidole havijakwisha," na baada ya hapo ni neno moja moja tu. Usingizi sina, kazini juzi nimesaga lenzi ya kulia nikaiweka kushoto, jambo ambalo halijanitokea miaka kumi na tano.

Naomba unishauri, nimpe hili la pili ninyamaze, ili afurahi siku yake, kwa sababu lengo ni afurahi, au niseme ukweli nimvunje moyo? Na kama kati ya wasomaji wako kuna mwenye kinasa sauti cha zamani cha kampuni hiyo, kisichotumika, naomba anitafute kupitia gazeti.

Ni mimi, Msaga Lenzi.

*

Msaga Lenzi, nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na bado nitakutukana kidogo.

Kwanza nikupe haki yako. Wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya asingekosa usingizi, na asingeikumbuka ile miwani mitatu. Hapo kwenye miwani niliweka barua chini nikaenda kunywa maji. Kisha nikarudi nikakuta unatafuta kinasa sauti kupitia ukurasa wangu, huruma ikanitoka. Nyumba inaungua na wewe unauliza nani ana kiberiti!

Sasa nikueleze jambo ambalo nadhani hulijui. Barua yako nimeipitia mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Umetaja vinasa sauti, vikazio, vitufe, koleo, patasi, siki na msasa wa aina mbili. Magitaa sita, amplifaya mbili, pedali kumi na moja. Wimbo hujataja hata mmoja. Hakuna mahali umeandika kwamba ulikaa kitako ukapiga kitu kikaanza kikaisha. Muziki wote uliomo humo ni "duum". Wazee wetu walisema mchagua jembe si mkulima, nao walikuwa wanamsema mtu mwenye majembe mawili. Wewe una sita na la saba umelivunja mpini.

Mjomba wako alikupa maneno matatu: litunze, lipige, uniletee. La kwanza ulilielewa kuwa ni chini ya kitanda. La pili ulilipitia kama hukulisikia. Ungelipiga siku moja tu, wimbo mmoja tu, dole gumba lako lingeingia lenyewe kwenye kile kishimo, na ungejua pale si kasoro, ni mahali pa mtu. Ulikuwa umeshika miaka thelathini na moja ya kaka wa mama yako, ukaipiga msasa, ukapaka vanishi, ukaomba pongezi kwa watu mia mbili ambao hawajawahi kumsikia mzee huyo akipiga. Hili linaniuma, na sitajifanya haliniumi.

Tuje kwenye ujanja wako wa gitaa la pili. Unasema lengo ni mzee afurahi. Acha kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi usinipake. Lengo ni wewe usionekane. Unamchongea mtu aliyekulea kishimo cha uongo kwa vifaa vya lenzi, vifaa vya kuwasaidia watu waone, na huoni kichekesho chake? Yeye kalishika gitaa lile kuliko alivyomshika mkewe. Atalichukua, atapapasa, atajua kabla hujavuta kiti. Tena atanyamaza, kwa sababu wazee wa aina hiyo hunyamaza. Atapanda jukwaani siku yake ya mwisho na gitaa la mgeni, akiamini lake umeliuza. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mbele ya ukumbi mzima.

Huyo Daktari Kebo namwacha. Mtu anayekuambia kipofu hatajua hajawahi kuishi na kipofu. Mke wako amesema yote kwa sentensi moja, na wewe ukaandikia gazeti. Mwombe radhi, na sufuria mnunulie nyingine.

Kwa kuwa sijui mambo ya magitaa, nilimpigia simu fundi mmoja wa ala za muziki, mzee mwenye ulimi mchungu kuliko wangu. Nikamsomea barua yako. Alipoacha kuguna aliniambia hivi: freti zinarudi, ni kazi ya siku mbili tatu kwa mtu anayejua. Tundu linazibwa kwa kipande cha mti, kovu litabaki lakini gitaa halitakufa. Nyuzi zilizochakaa hivyo zinapatikana kwa wapigaji wa zamani, ambao, tofauti na wewe, hawazichemshi. Nikamuuliza, na kishimo? Akasema hicho hakitengenezwi na fundi. Kinatengenezwa na dole gumba. Akaniuliza una umri gani, nikamwambia. "Basi akianza kupiga leo," akasema, "akifika sabini na mbili atakuwa nacho."

Sasa nisikilize, na usinibadilishie kipande.

Leo, saa ya chakula cha mchana, toka nje ya duka umpigie mjomba simu. Si kesho, si baada ya kumaliza kuchonga. Mwambie: "Mjomba, nilikudanganya. Kishimo hakipo. Nilikisawazisha kwa msasa nikidhani ni kasoro, na freti nimeziondoa." Kisha unyamaze. Usimweleze vanishi ni ya aina gani. Usimtaje Kebo. Akikutukana, pokea, umeyafanyia kazi. Akikata simu, kaa hapohapo. Mtu aliyekulipia ada hukata simu, hakati undugu. Atapiga tena.

Gitaa lake lipeleke kwa fundi, na fundi huyo asiwe wewe. Ukifika karakana weka mikono mfukoni. Lile la uongo lirudishe ulikolitoa.

Kisha rudi nyumbani utoe hiyo friji yako kwenye ujia. Najua mmezoea kupita kwa ubavu, lakini mgeni wako hapiti kwa ubavu, atajigonga. Maana utamleta mjomba akae nyumbani kwako mpaka Jumamosi hiyo. Chumba cha wageni kiwe cha wageni: majeruhi wote watoke, kitanda kiingie, na dirisha lifunguliwe harufu ya gundi itoke. Gitaa likirudi kutoka kwa fundi, mzee ana siku chache za kuizoea shingo ambayo haimjui tena. Atahitaji mtu wa kukaa mbele yake akishika besi nyingine, wakipiga pamoja. Mtu huyo ni wewe. Katika hayo sita lazima kuna moja ambalo ni zima, na kama hakuna unganisha moja kabla usiku haujaingia. Mwombe akufundishe nyimbo za bendi yake, toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Vidole vitakuuma. Utakosea mbele ya mabinti zako. Ukiona kuna kitu hakijakaa sawa, usishike bisibisi, rudia wimbo.

Hilo kundi la simu lipumzishe mwezi mmoja. Hawatakufa, watajadili gundi.

Na siku utakapompa gitaa lake mkononi, usiongee wala usimsaidie. Atapapasa nyuma ya shingo, hata kama ulishamwambia kwenye simu. Dole gumba litakwenda pale palepale, na halitakuta kitu. Hapo utatamani kutazama sakafu. Usitazame sakafu. Mtazame usoni mpaka amalize, maana yeye hana macho ya kukuona, na wewe unayo.